Mama Doa na Maji ya Zamani

Ukimkaribisha Mama Doa nyumbani kwako, ficha vitambaa vya jikoni. Si kwamba ana mkono mrefu, hapana. Atakitazama kitambaa kimoja, atakunja uso, atakuuliza kwa upole sabuni iko wapi, na kabla hujamaliza kusema acha tu, utamkuta ameinama kwenye karai, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Mama Doa kwa sababu pale ambapo wengine waliona ukuta, meza au shati, yeye aliona doa, na hakujaliwa kipaji cha kuona akanyamaza.

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye hatua za haraka, aliyeishi na shangazi yake aliyemlea tangu utotoni. Katika nyumba yao hapakuwa na kitu kilichokaa muda wa kutosha kuitwa cha zamani. Kikombe kikipata ufa kilitupwa. Pazia likipauka lilishushwa na jipya likapandishwa siku hiyo hiyo. Shangazi alibakiwa na kitu kimoja tu cha enzi zake, kiti cha kamba kilichobonyea katikati, na alikilinda kwa njia pekee aliyoiamini, yaani kukikalia kutwa nzima.

"Hata mimi ningeshatupwa," aliwaambia wageni, "ila nina mdomo wa kukataa."

Wageni walivunjika mbavu. Mama Doa naye alicheka, huku akipangusa meza waliyowekea vikombe vyao.

Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti, jengo la ghorofa lenye korido ndefu na harufu ya dawa. Kwa miaka mingi mahali pake palikuwa chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, akiosha chupa za maabara. Usidhani ni kazi ya mchezo. Chupa ikibaki na utando wa sabuni usioonekana kwa macho, kinachokuzwa ndani yake kinakufa, na mtaalamu anakaa mwezi mzima ameshika tama, hajui kosa liko wapi. Chupa za Mama Doa hazikuwahi kumliza mtu. Zilikuwa safi kiasi kwamba watu wa ghorofa nyingine walikuja kuzinyapia na kuziiba, naye aliuchukua wizi huo kama sifa.

Lakini roho yake ilikuwa juu. Kila alipopandisha sinia la chupa kwenye chumba cha kukuzia seli, alichelewa kidogo mlangoni, akawatazama watu wenye makoti meupe wakilisha vitu hai visivyoonekana kwa macho. Alikuwa ameosha vya kutosha. Alitamani, walau mara moja katika maisha yake, kushika kitu ambacho kingekua kwa sababu yake.

Basi akaja Daktari. Alikuwa mwanamke kijana, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni, mwepesi wa kucheka na mwenye haraka nyingi. Alizishika zile chupa, akaziinua kwenye mwanga, akauliza nani anaziosha. Alipoambiwa, alishuka ngazi mwenyewe hadi chini.

"Mama, huu mkono wako nauhitaji huko juu," alisema. "Nataka unilishie seli."

Mama Doa alijibu kwamba atalifikiria jambo hilo, na kabla Daktari hajafika mlangoni alikuwa ameshavua aproni.

Mkuu wa idara alikubali shingo upande. Mwosha chupa kukabidhiwa seli za ubongo lilikuwa jambo asilowahi kulisikia. Akasema ajaribiwe, seli zikistawi atabaki juu, zikifa atarudi kwenye karai lake.

Siku ya kwanza Daktari alimketisha mbele ya hadubini, akamwonyesha.

"Watu wakisema ubongo, wanafikiria seli za neva tu, zile zinazopashana habari," alisema. "Zile zina jina kubwa. Lakini pembeni yake kuna hizi, zinaitwa glia. Zinazilisha neva, zinazoa taka, na nyingine zinazivika nyuzi za neva ala ya mafuta, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Ala hiyo ikichubuka, mtu anaanza kujikwaa, mkono unakufa ganzi, macho yanaishiwa nguvu. Mimi nataka kujua tufanye nini ili glia ziishi na ziongezeke."

"Kumbe na humo kichwani kuna watu wa usafi," alisema Mama Doa.

"Wengi tu, mama."

Hapo hapo akazipenda. Zilikuwa seli changa zilizotolewa kwenye ubongo wa panya wa maabara, kila moja ina vikono viwili vyembamba, imeng'ang'ania sakafu ya chupa. Alizitazama hadi jicho likaanza kutoa machozi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Seli zilikaa ndani ya chupa bapa, zimefunikwa na maji ya lishe ambayo watu wa chumba kile waliyaita supu, na chupa zilipangwa kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Supu ikiwa mpya ilikuwa na rangi ya waridi. Seli zikila na kutoa taka, iligeuka rangi ya machungwa, na ikiachwa sana ikawa njano. Mlishaji alifyonza iliyotumika kwa mrija wa pipeti, akaweka mpya. Mwisho wa yote alidondosha tone dogo la kitu ambacho Daktari alikitunza kwenye jokofu kama bahili anavyotunza noti, yaani kichocheo cha ukuaji.

"Vichocheo ni protini," Daktari alimweleza. "Ndiyo lugha ya seli. Kimoja kinaiambia seli ishi. Kingine kinaiambia gawanyika, muwe wengi. Seli haijiamulii. Hata chakula kikijaa, isipoambiwa ishi, inajimaliza yenyewe."

"Inajimaliza kwa nini, na chakula kipo?"

"Mwili hautaki seli zilizopotea njia. Iliyoko mahali pake inasikia majirani wanaiambia ishi, inaishi. Isiyosikia neno inajua haihitajiki."

Mama Doa aliyasikia maneno hayo, lakini yalimkaa juu juu. Kilichomshika ni rangi. Ile njano ilimkumbusha kola za mashati ya wanaume wasiojali, na hata ile ya machungwa hakuipenda. Daktari alimwambia abadilishe supu, basi akaibadilisha. Aliinamisha chupa, akafyonza hadi tone la mwisho kwenye kona, akasuuza mara moja kwa supu mpya ili kisibaki kitu, akaimwaga na hiyo, ndipo akajaza. Chupa zake zilikuwa za waridi asubuhi na jioni, na waliopita walisimama kuzitazama. Alijiona kama bibi harusi.

Seli zikafa.

Hazikufa kwa vijidudu, maana kwenye chupa za Mama Doa kijidudu kingeingilia wapi? Zilivuta vikono vyao ndani, zikajikunja duara, zikapasuka vipande vidogo, zikaelea. Daktari aliangalia hadubini, akaangalia dari, akasema labda kundi lile lilikuwa bovu tangu mwanzo. Wakaanza kundi la pili. Mama Doa alijilaumu, akaona bila shaka kuna uchafu alioupitia bila kuuona. Akanawa mikono hadi ngozi ikaanza kuchubuka, akawa anabadilisha supu mara nyingi kuliko alivyoambiwa. Kundi la pili likafa upesi kuliko la kwanza.

Wakati huo huo kulikuwa na habari ya Fundi Viatu.

Huyu alikuwa mgane, mtu mpana mwenye mzaha, na banda lake la kushonea viatu lilikuwa karibu na kituo cha basi ambako Mama Doa alishukia. Alimposa kwa namna yake. Siku moja alimrudishia viatu vilivyotiwa soli mpya, akasema, "Bibie, mimi nakujua kuliko ndugu zako. Viatu vyako vinalika upande wa kulia. Unatembea ukiegemea upande huo, na upande huo hakuna mtu."

Mama Doa aliporudia maneno hayo nyumbani, Shangazi alicheka hadi kiti cha kamba kikalia, akasema mahari yake amekwisha kuipokea. Mama Doa mwenyewe alimpenda yule mwanamume, na hakuficha. Ila alitoa sharti.

"Utakuja na mikono yako miwili," alimwambia. "Vikorokoro vyako vibaki huko huko. Na banda nalo nitakusafishia, uanze upya."

Vikorokoro havikuwa haba. Kulikuwa na miguu ya mbao ya kupimia viatu iliyopasuka visigino, aproni ngumu kwa gundi ya miaka mingi, stuli ya miguu mitatu yenye mguu mmoja mfupi, mikebe ya misumari iliyopinda, na rafu nzima ya viatu vilivyoachwa na wateja wasiorudi kuvichukua. Fundi hakutupa hata kimoja. "Wenyewe watakuja," alisema, ingawa wengine alishahudhuria mazishi yao.

Alilikubali sharti kwa sababu alimpenda. Lakini kadiri siku ya ndoa ilivyokaribia, mzaha ulimkauka, na nyundo yake ikawa inagonga, inatulia, inagonga. Suruali ilianza kumpwaya.

"Bwana wako amepungua," alisema Shangazi jioni moja.

"Anaacha mambo ya zamani. Atazoea."

"Ulimpenda fundi, mwanangu. Sasa unataka kuolewa na mikono miwili."

Mama Doa alimwambia ainue miguu afagie hapo chini.

Kazini, maji yalikuwa yamefika shingoni. Kichocheo kilichobaki kwenye jokofu kilitosha kundi moja tu, na mkuu wa idara alisema bila kuuma maneno kwamba kundi hilo likifa, chumba atapewa mwingine na Mama Doa atashuka chini. Daktari angepata chumba kwingine. Mama Doa asingepata dirisha jingine maishani. Alilijua hilo kila asubuhi alipofunga vifungo vya koti jeupe. Kundi la tatu lilipowekwa kwenye kabati, nusu rafu ya juu na nusu rafu ya chini, aliomba kimoyomoyo kuliko alivyowahi kuomba jikoni au kanisani. Kwa siku za mwanzo Daktari alizilisha mwenyewe, na zilishika sakafu vizuri. Kisha akamwachia.

Ikatokea kwamba siku ya kulisafisha banda la Fundi ilikuwa siku ya kazi, maana ndiyo siku pekee aliyopatikana mtu wa kupaka rangi. Mama Doa aliomba ruhusa. Asubuhi alipita kituoni kwanza, akalisha rafu ya juu kwa utaratibu wake wote wa kufyonza na kusuuza. Saa ilimkimbia, na rafu ya chini akalazimika kumwachia jirani yake wa meza ya pili, mtu aliyeitwa Bwana Kesho.

Jina hilo linajieleza. Ukimwuliza ripoti, kesho. Ukimwuliza kile kikombe chenye ukungu dirishani, kesho. Shati lake lilikosa kifungo tangu alipoajiriwa. Kumwachia mtu huyu seli kulimuuma Mama Doa kama jino.

"Toa supu yote, tafadhali," alimsihi. "Usiache hata tone. Na usuuze."

"Usiwe na wasiwasi, dada," alisema Bwana Kesho. "Leo nafanya leo."

Siku nzima Mama Doa alifagia, akasugua, akamsaidia mpaka rangi kupaka. Vikorokoro vyote alivitia kwenye magunia akayapanga nyuma ya banda, yangoje gari la taka la kesho yake jioni. Ukuta ukawa mweupe, benchi likawa jipya, hata kiti cha plastiki kikanunuliwa. Fundi alisema ahsante. Aliisema vizuri, lakini hakuongeza neno la pili, na huyo alikuwa mtu wa maneno.

Asubuhi iliyofuata Mama Doa alifungua kabati la joto, akashikwa na ghadhabu. Rafu ya juu, yake, ilikuwa ya waridi safi. Rafu ya chini ilikuwa rangi ya machungwa. Juu ya meza kulikuwa na matone yaliyokauka, na pipeti imelazwa ovyo pembeni. Hakungoja hata kuvua mkoba. Alizibeba chupa mbili, moja ya juu na moja ya chini, akaenda nazo hadi kwa Daktari.

"Tazama huyu mtu alichonifanyia," alisema. "Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho."

Daktari alimhurumia. Akaichukua chupa ya rafu ya chini akaiweka chini ya hadubini. Akaweka ile ya juu. Kisha akarudi kwenye ile ya kwanza.

"Mama, njoo."

Mama Doa aliinama, akafumba jicho moja. Seli zilikuwa hai. Hazikuwa hai tu, zilikuwa zimetanua vikono, nyingine zina matawi, na pembeni moja alikuta seli mbili zimebanana kama pacha, ndiyo kwanza zimegawanyika. Daktari akabadilisha chupa. Katika ile ya waridi nyingi zilikuwa zimeanza kujikunja.

Bwana Kesho akaitwa. Alikuja na uso wa mtu aliyejua ameshakamatwa, akaapa kwamba alitoa supu yote. Daktari akamwuliza mara ya pili, kwa utulivu.

"Basi, nusu," alisema Bwana Kesho. "Nilifyonza nusu nikajaza. Kulikuwa na mpira jioni. Nilisema ile nyingine nitaitoa kesho."

Daktari akaketi kitini, akaanza kucheka, kisha akajifunika uso kwa viganja.

"Kosa ni langu," alisema alipotulia. "Nilikojifunzia, kila mtu hubadilisha nusu. Hakuna anayesema nusu, kwa sababu hakuna asiyejua. Nami nikakuambia badilisha."

"Sijaelewa," alisema Mama Doa.

"Nilikuambia seli zinaambiana ishi. Maneno hayo zinayamwaga wapi? Kwenye supu. Kichocheo tunachonunua ni kimoja, kinaziambia gawanyikeni. Lakini kuishi, seli inahitaji kuambiwa na wengi, kwa vichocheo vya aina nyingi, na vingine zinatengenezeana zenyewe. Ile supu uliyoiona chafu ilikuwa imejaa. Tukiitoa yote, kila seli inabaki peke yake kwenye maji mazuri, haisikii mtu. Na zikiwa chache kwenye chupa kubwa ndiyo mbaya zaidi."

Ilimuuma Mama Doa, na hakuna haja kusema haikumuuma. Alikumbuka lile kundi la kwanza, na la pili ambalo alilisafisha kwa bidii zaidi kwa sababu lilikuwa linakufa. Alikuwa amezipenda seli zile kuliko mtu yeyote jengoni, na ni yeye aliyezinyamazisha.

"Kwa hiyo usafi wangu ndio uliozimaliza," alisema.

"Usafi wako ndio umezuia vijidudu, na bila huo tusingefika hapa. Ila usafishe nusu."

"Mbona tusiiache yote basi, kama ni nzuri hivyo?"

"Taka nazo zinajaa humo. Inakuwa kali, inaziua vile vile. Nusu ya zamani zisikilizane, nusu mpya zile."

Mama Doa aliweka mkoba chini, akafunga vifungo vya koti. Wakachukua supu ya zamani kutoka rafu ya chini, wakaichuja kwa kichujio chembamba, wakazigawia chupa za rafu ya juu. Zilizokwisha kupasuka hazikurudi. Zile ambazo zilikuwa zimejikunja tu, nyingi zilinyoosha tena vikono. Bwana Kesho alijitolea kusaidia, akaambiwa asiguse kitu, na akafurahi sana kutoguswa na kazi.

Kundi lile lilistawi. Lilipokuwa limejaa chupa, Daktari alipunguza kile kichocheo cha kugawanyika, maana kikizidi seli huzaana tu bila kukua. Nazo zikaacha kuongezeka, zikakomaa, zikatandaza matawi mapana tayari kuvika nyuzi za neva. Mkuu wa idara alikuja, akainama kwenye hadubini, akaguna. Kuguna kwake ndiko kusifu kwake. Mama Doa alibaki na dirisha, na hadi leo anabadilisha nusu, ingawa akiitazama ile iliyobaki hujikaza asiiguse, na anayemjua humwona midomo inavyombana.

Lakini hayo ya mkuu wa idara yalikuja baadaye. Siku ile ile ya rafu mbili, Mama Doa alitoka kazini mapema akashuka kituo cha basi. Jua lilikuwa bado kali. Banda lilikuwa jeupe na linanukia rangi, na ndani yake Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kiatu cha mteja mkononi, nyundo juu ya goti. Hakuwa anagonga. Mabega yalikuwa yamekuja mbele na mikono ameikusanya karibu na tumbo.

Mama Doa aliogopa. Mtu aliyetoka kutazama alichokitazama yeye asubuhi ile hangeweza kuukosea mkunjo huo.

"Umeshinda salama?" alimwuliza.

"Salama, bibie. Pamependeza." Akageuza kiatu. "Sijui tu nianzie wapi. Nikinyoosha mkono, kitu hakipo."

Mama Doa alizunguka nyuma ya banda, akaburuta gunia la kwanza hadi mlangoni, akalifungua kamba.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya nini?"

"Ya hivi. Chagua nusu, urudishe. Nusu nyingine inakwenda na gari la taka, na hapo hatuongezi neno."

Fundi alimtazama kwanza, aone kama ni mzaha. Alipoona si mzaha, alipiga magoti kwa kasi isiyolingana na unene wake. Stuli ya miguu mitatu ilitoka kwanza. Ikafuata aproni, akaivaa papo hapo. Miguu ya mbao aliipanga safu mbili, ya kubaki na ya kwenda, na kila Mama Doa alipogeuza uso, mguu mmoja ulihamia safu ya kubaki.

"Nakuona," alisema Mama Doa.

"Huu ulichelewa foleni."

Ndiyo mara ya kwanza asikie mzaha wake baada ya majuma mengi, na moyo ulimtulia kifuani. Akaketi kwenye kizingiti amsaidie kugawa vile viatu visivyo na wenyewe. Vya mtu aliyekufa, kwenda. Vya mtu aliyehama, kwenda. Fundi alibishana kwa kila jozi na akashindwa karibu kila mara. Kisha Mama Doa akatoa viatu vya wazi vya kike, vyeusi, mkanda umeshonwa upya kwa uzi uliokaribiana sana, na vumbi limejaa kwenye kila mshono.

"Na hivi? Mwenyewe yuko wapi huyu, ameviacha na kazi nzuri hivi?"

"Hivyo ni vyako," alisema Fundi.

Mama Doa alivigeuza. Soli zilikuwa zimelika upande wa kulia.

"Ulivileta mwaka ule tulipojuana," alisema Fundi. "Nilipomaliza kuvishona ukawa umeshanunua vingine. Nilikuambia vipo, ukasema nivitupe. Nikaviweka hapo juu. Nilisema mwenyewe atakuja."

Jana yake Mama Doa alikuwa amevitia guniani kwa mikono yake mwenyewe, na hakuvitambua. Alivishika mapajani muda mrefu, na Fundi alimwacha, akaanza kugonga kiatu cha mteja, ko ko ko, bila kutulia.

Kisha Mama Doa akashika ncha ya mtandio wake, akaitemea mate kidogo, akafuta kiatu kimoja hadi kikang'aa. Cha pili akakirudisha rafuni na vumbi lake.